Nilijenga choo cha kutenganisha uchafu Ngarenaro, nikasahau kwamba watu wanachamba

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu nimeuandika mara nne na kuufuta mara nne. Mara ya kwanza niliogopa mtaniona mjinga. Mara ya pili niliogopa aliyenipa kazi atausoma. Mara ya tatu sikumbuki niliogopa nini, ila nilifuta. Leo nauweka kama mambo yalivyokuwa. Nimebadilisha majina tu, maana wenye nyumba bado wanaishi pale na sitaki mtu aende kuwagongea mlango akiomba kuona choo.

Ndiyo, habari yenyewe ni ya choo. Anayekula amalize kwanza.

Mimi ni kijana wa Olmotonyi, huku juu kwenye miteremko ya Meru. Nimesoma uhandisi wa mazingira, nikahitimu, nikakaa kwa mama mdogo, mtaa wa Sakina, mwaka mzima na zaidi bila kazi. Kama hujawahi kukaa nyumbani na digrii, ni hivi: kila kinachoharibika unaletewa wewe, kuanzia redio hadi bomba, na ukishindwa unaulizwa ulisomea nini.

Lakini ukosefu wa kazi haukuwa ugonjwa wangu mkubwa. Ugonjwa wangu ni kuwaza. Nikituma ujumbe wa "shikamoo mama" nausoma mara tatu nione kama hakuna neno litakalomuudhi. Mama mdogo husema mimi nawaza mpaka chai inashika utando.

Basi akatokea fundi mmoja wa Kimeru, nitamwita Fundi Elibariki, akanichukua kwenye kikundi chake. Wanajenga vyoo na mifumo ya majitaka kwenye nyumba za watu. Kujenga anajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alichotaka ni mtu wa kuchora na kupiga hesabu. Aliniambia, "Wewe chora, mimi nitasimamisha. Ila ukichora kitu kisichosimama, utakuja kukishikilia kwa mikono yako."

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Ngarenaro, kwa bibi mmoja ambaye hapa nitamwita Bibi Zaina.

Bibi Zaina ni Mrangi wa Kondoa. Aliletwa Arusha akiwa bi harusi, mumewe akiuza nafaka, na mume alishafariki siku nyingi. Nyumba ni ile ya zamani, vyumba sita na ua nyuma. Bibi anakaa viwili, vinne wanakaa wapangaji. Katika wapangaji mmoja inabidi mumjue: Rama, mchomeleaji wa mageti, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

Tatizo la nyumba lilikuwa hivi. Shimo la kwanza la choo lilijaa enzi za marehemu, likafukiwa. La pili likajaa, likafukiwa. La tatu ndilo lililokuwepo, na lilikuwa limejaa kiasi kwamba masika yakianza lilikuwa linarudisha uchafu juu. Pa kuchimba la nne hapakuwepo. Gari la kunyonya choo haliwezi kufika, kwa sababu uchochoro wa kuingilia ni mwembamba. Mkokoteni ukipita, mtu anasimama kwenye kizingiti cha jirani kuupisha. Maji ya kuoga na kufua nayo yalitiririka kwenye uchochoro huohuo, na kila siku jirani wa chini alikuwa na neno.

Bwana afya wa kata alishafika mara mbili. Mara ya pili aliacha karatasi: mpaka mwisho wa mwezi pawe na choo kinachofaa, la sivyo nyumba inafungwa na watu wote wanatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake, na choo kile hata mimi ningekifunga.

Nyumba ikifungwa, Bibi Zaina anahamia Singida kwa mwanawe. Mwana alishamtengea chumba. Siku ya kwanza kabisa bibi aliniambia habari hiyo akiwa anachagua maharage kwenye ungo, kwa sauti ya kawaida tu. Alisema mwanawe ni mwema na mkamwana ni mwema. Lakini mwanamke akiingia uzeeni kwenye nyumba ya mwanamke mwingine, anakuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa.

Akaendelea kuchagua maharage. Mimi nikasahau hata nilikuwa nimekuja kupima nini.

Sasa wakuu, kwa wasiojua, nieleze kidogo wazo lenyewe, maana ndilo lililonifanya nipende masomo yangu hata nilipokosa kazi.

Nyumba inatoa uchafu wa aina tofauti, na sisi tumezoea kuutupa wote mahali pamoja. Kinyesi ni kidogo, ila ndicho chenye magonjwa. Mkojo ni mwingi zaidi, magonjwa yake ni machache, na umejaa mbolea. Maji ya kuoga na kufua ndiyo mengi kuliko vyote, na sehemu kubwa ya uchafu wake ni sabuni na jasho. Ukivichanganya, vyote vinakuwa kinyesi. Ndoo moja ya mavi inageuza ndoo ishirini za maji kuwa mavi. Ukivitenganisha tangu mwanzo, kila kimoja kinatibika kwa njia rahisi.

Nilipoelewa jambo hili darasani mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa. Nilijiuliza tumewezaje kuishi miaka yote hii tukichanganya, halafu tunalalamika kwamba uchafu umetushinda.

Choo chenyewe hakichimbwi. Kinajengwa juu ya ardhi, unapanda ngazi nne. Chini kuna vyumba viwili vya tofali. Tundu la mbele linapeleka mkojo kwenye dumu. Tundu la nyuma linaangusha kinyesi kwenye chumba cha chini, nawe unatupia konzi ya maranda ya mbao. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima au zaidi, kinakauka, mnahamia cha pili. Ikifika zamu ya kukifungua unakuta kitu kama udongo.

Siri yote ni ukavu. Kinyesi kikikaa kikavu, hakinuki na hakileti nzi. Likumbukeni neno hilo, ukavu.

Maji ya kuoga na kufua yana njia yake: yanapita kwenye mfereji uliojazwa mawe na kupandwa matete, yanatokea upande wa pili yakiwa yamechujwa.

Mnajua ninavyowaza, kwa hiyo nilijiandaa kama mtu anayerusha ndege. Niliandaa dodoso la maswali arobaini na sita. Nilimuuliza Bibi Zaina upepo unavuma kutoka wapi saa za jioni. Nilimuuliza jua linapiga ukuta gani asubuhi. Niliuliza uzito wa wapangaji, na mama mmoja wa chumba cha nne alikataa kabisa kujibu. Niliuliza wanafua siku gani, wanatumia sabuni ya unga au ya mche, wageni wa Idi huwa wangapi. Rama alinitazama nikiandika, akasema mimi siyo injinia, mimi ni sensa.

Tukaanza.

Mawe ya mfereji tuliyatoa kwenye machimbo huku kwetu, yale meusi mepesi yenye matundu. Watoto wa Arusha tumekua tukiyatumia kusugulia visigino. Siku yalipomwagwa uani nilichukua moja nikalitazama kwa muda mrefu. Mlima uliyatema mawe haya kabla hajazaliwa babu wa babu wa mtu yeyote, na kila tundu ndani yake ni nyumba ya vijidudu vinavyokula uchafu. Hakuna kiwanda kingetengeneza chujio kama lile. Limekaa pale mlimani muda wote, sisi tunasugulia miguu.

Matete tuliyafuata Nduruma kwenye mifereji ya mashamba. Maranda alituma baba yangu, anafanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao Olmotonyi. Nilipomwambia ni ya kufunikia kinyesi alitaka nirudie. Halafu akauliza magunia mangapi.

Mfereji ulianza kufanya kazi kabla ya choo, na hapo ndipo niliona kitu ambacho sitakisahau.

Siku za mwanzo maji yalitoka upande wa pili kama yalivyoingia, meusi na povu. Niliugua kwa wasiwasi. Nilikwenda kila asubuhi kutazama. Wiki ya kwanza ikapita. Katikati ya wiki ya pili mama wa chumba cha nne alimwaga beseni la maji ya kufulia suruali za gereji, maji mazito kama uji wa ulezi. Nikakaa upande wa pili na glasi.

Maji yaliyotoka yalikuwa meupe.

Sisemi yalikuwa ya kunywa. Nasema nilishika glasi ile juani nikaona vidole vyangu upande wa pili, na mikunjo ya vidole. Nilijua kemia yake. Nilijua kila hatua, nilishaifanyia mtihani na nikafaulu. Bado nilirudi nikakinga glasi ya pili. Kujua kwamba kitu kinawezekana, halafu kukiona kinafanyika uani kwa mtu, kwa mawe na majani, bila umeme, bila dawa, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Rama alikuja akachungulia glasi, akaenda kuwaita wapangaji wenzake.

Choo kikakamilika zikiwa zimebaki siku kumi. Nikawakusanya watu wa nyumba uani nikatoa maelezo. Nilikuwa nimeyaandika. Nilieleza tundu la mbele, tundu la nyuma, maranda, kifuniko. Nikasisitiza jambo moja kuliko yote, nikalirudia mara tatu: "Jamani, humu kwenye tundu la nyuma msimwage maji. Hata kidogo."

Wote wakaitikia. Bibi Zaina akasema bismillahi akawa wa kwanza kupanda ngazi.

Siku ya pili kulikuwa na harufu kidogo. Nikasema ni mwanzo.

Siku ya tatu wakaja nzi.

Siku ya nne nilifungua mlango wa chini nikamulika. Wakuu, kulikuwa na tope. Siyo unyevu, tope kabisa.

Hapo ndipo akili yangu iliponikimbia. Nilidhani maji ya ardhini yanapanda. Nikachimba kando ya ukuta kuangalia, pakavu. Nikadhani ni mvuke hauna pa kutokea. Nikapandisha bomba la hewa. Nikadhani mwinuko wa sakafu umepotoka, nikaja na pima maji, nikaweka kila kona. Nikadhani mkojo unarukia tundu la nyuma, nikamuuliza Rama swali ambalo sitaliandika hapa, na jibu lake pia sitaliandika. Nikawahoji wote upya: kuna anayemwaga maji? Hapana. Kuna anayeosha sakafu kwa ndoo? Hapana, tunafuta kwa kitambaa kama ulivyosema. Niliwatazama machoni na nikajua hawadanganyi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Fundi Elibariki alikuwa Nduruma kwenye kazi nyingine. Nilimpigia. Akauliza kama kuta zimesimama. Nikasema ndiyo. Akasema basi upande wake uko sawa.

Siku ya sita, zikiwa zimebaki siku nne bwana afya arudi, nilikuwa nimepanda ngazi na utepe mkononi, napima bomba la hewa kwa mara ya tatu. Bibi Zaina alikuwa chini kwenye mkeka. Mwanawe alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo kuuliza atume gari siku gani. Bibi alimjibu kwamba bado. Alinitazama nikipima, nikiandika, nikifuta, nikipima tena.

Akasema, "Mjukuu wangu, shuka. Kuchamba kwingi huondoka na mavi."

Rama akacheka. Hata mimi nilitabasamu. Ni msemo ninaoujua, na mtu aliyestahili kuambiwa pale nilikuwa mimi: ukizidisha kushughulika na jambo, unaliharibu.

Nikapinda mguu nianze kushuka. Mguu ukabaki hewani.

Kuchamba.

Nikamuuliza, nikiwa nimeshika ukuta, "Bibi, samahani. Huwa mnachamba kwa kutumia nini?"

Mama wa chumba cha nne akaingia ndani haraka. Bibi Zaina akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza unakula kwa kutumia nini.

"Kwa maji, mjukuu wangu. Sisi ni Waislamu."

"Na yale maji yanakwenda wapi?"

"Palepale ulipotuambia tukae."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Lakini nilisema msimwage maji."

Akasema kwa upole kabisa, "Hakuna aliyemwaga. Kumwaga ni kwa ndoo. Kuchamba si kumwaga."

Wakuu, na yuko sahihi. Nendeni kwenye kamusi mkitaka. Mimi nilisema kumwaga, wakatii neno nililosema. Nyumba nzima ilikuwa inatii maelezo yangu kwa uaminifu, kila mtu na kopo lake, mara kadhaa kwa siku.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba mimi si Mtanzania. Ndugu yangu, najua. Hata chooni kwa mama mdogo kule Sakina kuna kopo, na sisi ni Walutheri. Nimechamba kwa maji maisha yangu yote. Lakini nilipokaa kuchora, nilichora kutoka kwenye kitabu, na mtu wa kwenye kitabu alikuwa na karatasi mkononi. Sikumbadilisha. Nilimuuliza bibi kuhusu upepo, sikumuuliza kuhusu kitu ambacho mimi mwenyewe nilikifanya asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe umeuliza hadi upepo. Nikasema huyu maji hawezi kuwa ameyasahau."

Rama akatangaza kwa uchochoro mzima kwamba leo injinia kachambwa.

Sikuwa na muda wa kuona aibu. Siku nne. Nikamwita Elibariki, safari hii akaja. Chumba cha kwanza, chenye tope, tukakijaza maranda tukakifunga. Cha pili kilikuwa bado kikavu. Tukakubaliana: mtu akimaliza, asogee nyuma, achambie mahali pengine penye njia yake ya maji. Rama akasema anaweza kuchomelea karai la bati nene, lenye mteremko na bomba, akalitega kwenye sakafu siku hiyohiyo.

Swali likawa: lije umbali gani kutoka tundu la nyuma? Mimi nikashika kalamu. Bibi Zaina akaninyang'anya.

Akapanga matofali uani, hili la mbele, hili la nyuma. Akaniamuru nichutame juu yake, na suruali yangu, mbele ya watu. Akanipa kopo.

"Chamba."

Nikaiga.

"Kopo mkono wa kulia. Wewe mama yako alikufundisha wapi?"

Nikahamisha.

"Sogea nyuma. Siyo hivyo, utaanguka. Nusu hatua. Mtu mzima hana magoti ya kuruka kama chura. Hapo. Rama, weka alama."

Rama aliweka alama huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Lakini kipimo kile, wakuu, hakipo kwenye kitabu chochote nilichosoma, na mpaka leo hakuna mtu aliyelalamika.

Kisha likaja lililonimaliza.

Bomba la karai nilitaka kuliunganisha na mfereji wa mawe, kwa sababu ulikuwa karibu. Bibi akakataa katakata. Akasema, "Maji hayo hayakutani na maji ya nguo."

Nikaanza kueleza. Akanishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa uani. Pale ukutani nilikuwa nimepita kila siku kwa wiki tatu. Kulikuwa na misumari na vyombo vimetundikwa, nami nilidhani ni vitu vya uani tu.

Akaanza kuvitaja. Kopo la kijani ni la chooni, haliingii popote pengine. Birika la bati ni la kutawadha, halikai chini. Beseni la bluu ni la nguo za watu wazima. Jekundu ni la nepi za wajukuu wakija, na maji yake hayamwagwi na ya bluu. Sufuria isiyo na mpini ni ya kuoshea mboga, na maji yake yanakwenda kwenye mchicha. Kila maji yana chombo chake, kila chombo kina msumari wake, na kila mtoto aliyekulia nyumba ile alifundishwa kabla ya kujua kusoma.

Yenye najisi peke yake. Yenye sabuni peke yake. Yaliyo safi kidogo yanatumika tena.

Nilivitazama tena kimoja kimoja. Kitu nilichokaa miaka minne darasani kujifunza, nikatoka nje nikakaa chini kwa kushangaa, mwanamke huyu alikuwa anakifanya kwa misumari mitano tangu kabla mama yangu hajaolewa. Nilikuja kumletea kutenganisha. Alikuwa nako. Alichokosa ni bomba tu la kuendeleza alichokuwa ameanzisha.

Na kitaalamu alikuwa sahihi. Maji ya kuchambia yana mabaki ya kinyesi, hayatakiwi kwenye mfereji ambao mwisho wake unamwagilia bustani. Tukayachimbia kishimo chake cha mawe nyuma ya ukuta, tukapanda migomba miwili juu yake.

Bwana afya akaja siku aliyosema. Sikuwa nimekula. Harufu ya siku zile sita ilikuwa bado puani mwangu, na sikuwa na uhakika kama imo chooni au imo kichwani mwangu.

Alipanda ngazi akiwa ameziba pua, kwa mazoea. Akafungua kifuniko. Akainama. Tukamwona ameachia pua, akavuta hewa taratibu. Akavuta tena.

Akashuka akamuuliza bibi kama anajua kukitumia. Mimi nikafungua mdomo, Elibariki akanikanyaga mguu.

Bibi Zaina alieleza mwenyewe. Hakutaja neno hata moja la kitaalamu. Alisema cha mbele kinakwenda dumuni, kinakaa mwezi, kinachanganywa na maji mengi, kinapelekwa kwenye mgomba, siyo kwenye mchicha wake, hata mkimwambia vipi. Cha nyuma kinataka kubaki kikavu, kwa hiyo mtu anasogea nusu hatua. Maji ya kuchamba yana migomba yake. Maji ya nguo yanakwenda kwenye mawe. Kisha akampeleka mwisho wa mfereji, akakinga kwa glasi, akaitazama rangi, akainusa, akampa.

Bwana afya naye akaiinua juani. Akaishika vile kwa muda, kama nilivyoishika mimi. Akauliza taratibu, "Haya ndiyo yaliyokuwa yanapita uchochoroni?"

"Ndiyo hayohayo," bibi akasema. "Si ya kutawadhia, lakini mchicha haujalalamika."

Aliandika karatasi nyingine akiwa amesimama. Nyumba haifungwi. Atarudi kukagua baada ya miezi mitatu. Mlangoni akamuuliza Elibariki kama tunaweza kwenda kuona nyumba mbili za jirani.

Alipotoka, Bibi Zaina aliketi kwenye mkeka akampigia mwanawe, simu ikiwa kwenye sauti ya nje kwa sababu masikio yake siyo ya zamani. Mwana akasalimia, shikamoo mama, gari lije lini.

"Kile chumba mpe mtu mwingine," akasema. "Mimi nina choo."

Yule mwana akasema, sawa mama. Nadhani hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta kwenye migomba mpaka uso wangu ukawa sawa.

Nilichojifunza, wakuu, si kwamba kusoma hakufai. Mawe yale bila hesabu yangekuwa rundo la mawe. Nilichojifunza ni kwamba kuwaza sana si sawa na kuwaza yanayohusu. Maswali arobaini na sita yote niliyauliza kuhusu nyumba. Lililohitajika lilikuwa kuhusu mtu aliyechutama, na lilihitaji nione haya kidogo. Nililikwepa bila kujua nalikwepa.

Sasa naomba msaada, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Kazi yetu inayofuata iko Nduruma, kwa mzee mmoja mfugaji. Magoti yake yameisha, hawezi ngazi nne, hata mbili, na kuchutama ni shida. Chini hapachimbiki, maji yako karibu. Naye anaona haya kusema anafanyaje kwa sasa. Mkewe anaona haya zaidi.

Kama una baba, babu au bibi wa hali hiyo nyumbani, niambie anakaaje, anashika wapi, nani anamsaidia na maji anayawekaje. Usione aibu, niandikie kama unavyosema nyumbani.

Safari hii nauliza kabla ya kuchora.